Miezi 12 ya Leseni ya Nyumbani

Hotuba ya mwalimu wa udereva mbele ya mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili mjini Birmingham, Uingereza, kama alivyoiandika mwenyewe baada ya mkutano.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika nchi hii, mama zangu, kaka na dada zangu kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja nanyi mliofika hapa kwa kupitia Muskati na Dubai: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote ambao sikuwataja naomba niseme itifaki imezingatiwa.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumze kuhusu leseni ya udereva, nilimjibu kwamba jambo lenyewe linakwisha kwa sentensi moja: leseni uliyokuja nayo kutoka nyumbani inakuruhusu kuendesha gari dogo katika nchi hii kwa miezi 12 tangu siku ulipoanza kuishi hapa, na kesho yake huna leseni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, basi muda utakaobaki utueleze kwa nini watu wanaoijua sentensi hiyo bado wanakamatwa. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nianze na dada mmoja niliyemfundisha, ambaye sitamtaja kwa jina kwa sababu baadhi yenu mnafuturu naye. Alikuja kwa kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo wengi humu ukumbini tunaifanya na ambayo ni vigumu kuifanya bila gari, kwa kuwa mzee wa kwanza anangoja kuamshwa saa 12 na nusu asubuhi, wa pili yuko maili sita kutoka hapo, na basi la kwanza bado halijapita. Mwajiri alimuuliza kama ana leseni, akaitoa ile ya Tanzania, ikatolewa kopi, kopi ikaingia kwenye faili, na hakuna aliyeitazama tena. Katika mwezi wa kumi na nne tangu aje, gari la polisi lilimfuata kwa nyuma kwa muda mfupi, kisha likawasha taa. Trafiki alimsalimu kwa adabu, akaigeuza leseni mbele na nyuma, akamuuliza swali moja tu: ulianza kuishi Uingereza lini? Dada akasema ukweli. Nusu saa baadaye gari lake lilikuwa limepakiwa juu ya lori, naye amesimama kando ya barabara na mfuko wa glavu na aproni za kazi mkononi, akimpigia simu msimamizi wake kumweleza kwa nini mzee wa pili atachelewa kuogeshwa.

Kilichomuuma zaidi, aliniambia baadaye, kilikuwa bima, maana alikuwa akiilipa kila mwezi bila kukosa hata mara moja. Lakini mikataba mingi ya bima humfunika dereva mwenye leseni inayomruhusu kuendesha gari lile kwa siku ile, kwa hiyo leseni ikipoteza nguvu, bima nayo inaweza kukataliwa, na kosa moja likazaa la pili. Kuendesha nje ya masharti ya leseni kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000 na pointi za adhabu kati ya 3 na 6. Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 hata kabla shauri halijafika mahakamani, na likifika huko huenda likapanda. Wala mtu asijifariji kwamba, kwa kuwa hana leseni ya hapa, pointi hazina pa kukaa. DVLA, yaani mamlaka ya leseni iliyoko Swansea, Wales, hukufungulia rekodi yako, na pointi zinakaa humo zikikungoja.

Sasa, huo mwaka mmoja unahesabiwaje? Hapa ndipo penye maneno mengi ya mitaani. Kwa mtu aliyekuja kuishi, saa inaanza kuhesabu siku alipokuwa mkaazi, na haisimami anapokwenda nyumbani kwa Idi au Krismasi, wala haianzi upya anaporudi. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao timamu, wakisema kwamba ukitoka nje ya nchi kabla ya miezi 12 kwisha na kurudi na muhuri mpya kwenye pasi, unapata mwaka mwingine. Maneno hayo yanatokana na kanuni ya wageni: anayekuja kutembea akaondoka, akija tena kutembea, anahesabiwa tangu alipoingia. Lakini mwenye mkataba wa kazi, nyumba aliyopanga na watoto waliosajiliwa shule hawezi kumwambia hakimu kwamba yeye ni mtalii. Na jambo jingine dogo ambalo limewaangusha watu wawili ninaowajua: hiyo miezi 12 ipo tu kama leseni yenyewe ya nyumbani bado iko hai. Leseni ya Tanzania hudumu miaka 5, na kama ilibakiza miezi minne ulipopanda ndege, unayo miezi minne.

Vilevile kuna wanaoamini kile kijitabu wanachokiita leseni ya kimataifa. Kijitabu hicho ni tafsiri ya leseni yako iliyopigwa muhuri, ili trafiki asiyeielewa lugha yake aweze kusoma daraja na tarehe. Hakiongezi hata siku moja juu ya mwaka wako.

Swali ninaloulizwa kila wiki, na najua mmekuja nalo hata leo, ni hili: mbona Mzimbabwe jirani yangu alibadilishiwa leseni yake kwa posta bila mtihani wowote, na Mwafrika Kusini vilevile, ilhali mimi niliyeendesha miaka kumi na tano naambiwa nianze na kibao cha L, alama ya dereva mwanafunzi? Jibu la sheria ni kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 inampa waziri uwezo wa kutaja nchi ambazo utaratibu wake wa kutoa leseni ameridhika nao, na leseni za nchi hizo hubadilishwa. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo katika orodha hiyo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Kinachopimwa pale ni ofisi na mitihani ya nchi nzima, na ustadi wako wewe binafsi hauingii kabisa kwenye hesabu. Mimi nauelewa uchungu wa mtu anayeambiwa hivyo, na kwa maoni yangu serikali zetu zingeweza kuliweka jambo hili mezani kwa nguvu zaidi kuliko zinavyofanya. Lakini nimeona watu wakiutumia mwaka wao mzima kulalamikia orodha, na mwezi wa kumi na tatu ukawakuta pale pale.

Orodha hiyo hubadilika. Mwaka 2021 Falme za Kiarabu ziliingizwa, na hapo simu yangu ikaanza kulia kutoka kwa ndugu zetu waliowahi kufanya kazi Dubai na Abu Dhabi. Kwao nasema hivi: kama ulikaa kwenye gari la chuo cha udereva huko, ukafanya mtihani huko na kufaulu huko, leseni yako inabadilishwa hapa kwa pauni 43, una miaka 5 ya kuomba tangu uwe mkaazi, ingawa kuendesha kwa leseni ile kunakoma kwenye miezi ile ile 12 mpaka uipate ya hapa. Lakini kama leseni yako ya huko ilitokana na kubadilishwa kwa leseni ya nchi isiyomo kwenye orodha, haitakusaidia. Swansea wanataka kujua mtihani ulifanyika wapi. Kwa wazee wetu wa Kizanzibari wenye leseni za Oman, Oman haimo. Na kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliofanya mtihani Ubelgiji au Ufaransa kabla ya kuvuka bahari, leseni zile zinatambuliwa hapa mpaka umri wa miaka 70. Hao wanaweza kupumzika wakati sisi wengine tukiendelea kutoka jasho. Naomba pia ieleweke kwamba ninazungumzia England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina ofisi yake.

Kabla sijaingia kwenye mtihani, neno moja kwa madereva wa malori, kwa sababu kuna wanaotoka nyumbani wakiwa wamesikia kwamba Uingereza inatafuta madereva. Wewe uliyeendesha semi-treila kutoka Mombasa mpaka Malaba, au kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Tunduma, ukishakuwa mkaazi wa hapa, ile miezi 12 inahusu pikipiki na magari yasiyozidi kilo 3,500 yenye viti visivyozidi 8 vya abiria. Lori huligusi hata siku ya kwanza. Utaanza na leseni ya gari dogo, kisha utaomba ya mwanafunzi wa lori, kisha mitihani ya lori yenyewe na cheti cha weledi wa udereva. Ni safari ndefu, nayo inawezekana, na ninao wanafunzi wawili walioimaliza. Lakini msije mkaacha kazi nyumbani kwa ahadi ya mtu aliyewaambia kwamba mtashuka ndege na kupanda lori.

Basi tufike kwenye mtihani wenyewe. Hatua ni tatu. Unaomba leseni ya mwanafunzi, ambayo ni pauni 34 kwa intaneti au 43 kwa posta, na anayetuma pasi yake Swansea asikate tiketi ya kwenda msibani au harusini kabla haijarudi. Halafu mtihani wa nadharia, pauni 23. Halafu mtihani wa barabarani, pauni 62 kwa siku za kazi na 75 jioni, mwisho wa wiki na sikukuu. Kwa anayefaulu mara ya kwanza siku ya kazi, ni pauni 119 au 128, bila kuhesabu masomo. Nazitaja hesabu hizi kwa sababu dada yule wa mwanzo alilipa zaidi ya hapo kulitoa gari lake na kumaliza faini.

Nadharia ni maswali 50, na unatakiwa kupata 43. Zamani mtu aliweza kufanya mtihani huu kwa sauti ya lugha nyingine au kwa kuja na mkalimani, lakini tangu Aprili 2014 mlango huo umefungwa: ni Kiingereza au Kiwelsh tu, na hata barabarani mkalimani haruhusiwi. Wapo mama zetu wanaoendesha vizuri kabisa ambao kikwazo chao ni lugha tu. Kwao dawa ninayoijua ni kusoma kitabu cha Highway Code, yaani kanuni za barabara za hapa, kwa Kiswahili kwanza, nikimaanisha kukaa na mtoto au mpwa wako jioni, kurasa mbili mbili, akusomee na wewe umweleze kwa Kiswahili maana ya alichosoma, mpaka picha ya barabara ikae kichwani. Ukishajua jambo lenyewe, kulikariri neno lake la Kiingereza ni kazi ya wiki chache.

Sehemu ya pili ya nadharia ni filamu fupi 14 za barabara, ambazo unabofya unapoona hatari inakuja. Alama ni 75 na unatakiwa 44. Hapa hutokea kichekesho: dereva mzoefu wa kwetu, aliyezoea ng'ombe, bodaboda na shimo la ghafla, anaiona hatari mapema mno. Mtoto bado yuko kwenye uzio, yeye ameshabofya. Kompyuta bado haijafungua dirisha la kuhesabu, kwa hiyo inampa sifuri. Akikasirika na kuanza kubofya ovyo, kompyuta inadhani anadanganya na filamu nzima inafutwa. Mimi huwaambia: ukiiona bofya, na hatari ikianza kukua bofya tena mara moja, halafu tulia.

Sasa niwaambieni habari yangu mwenyewe. Nilikuja nchi hii nikiwa nimeendesha kwa miaka 11, miaka sita ya mwisho nikisafirisha bidhaa kati ya Tanga na Dar es Salaam, barabara ya Segera na Chalinze naijua kona kwa kona hata nikiwa usingizini. Niliomba mtihani bila kuchukua somo hata moja. Siku yenyewe niliendesha vizuri, na ninasema hivi bila majivuno kwa sababu karatasi inathibitisha: makosa madogo 4 tu, wakati unaruhusiwa mpaka 15. Tulipokuwa tunarudi kituoni tukafika kwenye njia panda ndogo yenye alama ya STOP. Nilipunguza mwendo mpaka karibu kabisa na kusimama, nikatazama kulia, kushoto, kulia tena, barabara ilikuwa tupu kama uwanja baada ya mechi, nikapita. Nikamwona mtahini ameinamisha kichwa na kuandika. Kituoni aliniambia kwa sauti ya upole kwamba nimeshindwa. Nikamuuliza kulikuwa na gari gani. Akasema hakukuwa na gari. Magurudumu hayakusimama.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikamwambia mke wangu kwamba yule mtu ananionea. Mke wangu akaniuliza, yalisimama? Nikasema, karibu. Akaendelea kukatakata vitunguu vyake.

Nilichojifunza siku ile ndicho ninachokifundisha mpaka leo, kwa sababu tangu niwe mwalimu sijamwona dereva wa kwetu aliyeanguka kwa kutojua kuendesha. Wanaangushwa na mazoea. Na kinachotudanganya zaidi sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda ni kwamba nchi hii inaendesha kushoto kama kwetu: usukani uko pale pale, kipilefti kinazunguka vile vile, unampisha wa kulia vile vile, na moyo unasema, hapa ni nyumbani. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, waliozoea kulia, wanajua tangu siku ya kwanza kwamba lazima wajifunze upya, wanachukua masomo, wanauliza, na kwa uzoefu wangu wanafika haraka kuliko sisi.

Chukueni taa. Kwetu, lori likiwa mbele yako na likawasha indiketa ya kushoto, dereva anakuambia njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia anakuambia kaa, kuna gari linakuja. Ni lugha ya kiungwana, na imeokoa maisha ya watu kwenye milima mingi. Hapa indiketa ya kushoto maana yake ni kwamba anakata kushoto, na ukiovateki kwa kutegemea salamu ile unaweza kufa. Chukueni taa kubwa. Kwetu, kuziwasha na kuzizima kunaweza kumaanisha nipishe, au nakupisha, au trafiki wako mbele na tochi yao ya kupima mwendo. Kanuni za hapa zinasema taa hizo ni za kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi, na anayewatahadharisha wengine kuhusu tochi ya polisi anaweza kushtakiwa kwa kuzuia kazi yao. Chukueni mkono. Umesimama kwenye kivuko cha pundamilia, mama amesita, unampungia mkono apite. Kwetu huo ni wema. Hapa mtahini anauona kama kosa, kwa sababu umemwita mtu barabarani bila kujua kama gari la upande wa pili litasimama. Simama, tulia, mwache aamue mwenyewe. Na tangu Januari 2022 unampisha hata yule anayengoja kuvuka kwenye barabara unayotaka kukatia kona, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea Kariakoo linahitaji kuambiwa mara tatu.

Honi, nitaisema kwa ufupi: iacheni. Kati ya saa 5 na nusu usiku na saa 1 asubuhi hairuhusiwi kabisa mitaani penye makazi, na mchana ni ya hatari, wala haitumiki kumwita mtu ashuke ghorofani.

Vioo ndivyo vinavyotumaliza. Dereva wa kwetu anavitazama vioo kwa jicho la pembeni bila kugeuza shingo, na anaona kila kitu, sikatai. Lakini mtahini hana namna ya kuingia ndani ya jicho lako. Anatakiwa kuona kichwa kimegeuka: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, na kabla ya kuondoka ukingoni, shingo igeuke mpaka bega. Mwendo nao ni maili, si kilomita. 30 kwenye kibao ni kama 48 kwenye mshale wa gari lako la zamani, na ukivuka kuingia Wales utakuta mitaa mingi ni 20 tangu Septemba 2023. Na kosa ambalo hakuna anayelitarajia: kuchelewa. Mtu anaogopa kushindwa, anasimama kwenye kipilefti akingoja barabara iwe tupu kabisa, nafasi tano za kuingia zinampita, na mtahini anaandika kwamba anazuia wengine.

Jambo la gia. Wengi wetu tulizoea Vitz, IST na Passo zilizotoka Japani, zote otomatiki, na mtu hajakanyaga klachi tangu chuo cha udereva. Ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki utapata leseni ya otomatiki pekee, na mara nyingine gari la kazini ni la gia. Fikirini kazi mnayoitaka kabla hamjachagua gari la mtihani.

Nimesema mwanzo kwamba watu wanaijua sentensi na bado wanakamatwa, na naomba niseme sababu yake bila kupamba, wazee wangu mnisamehe. Ni aibu ya kile kibao cha L. Baba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye miezi yake ilikuwa imekwisha, aliniomba tubandike vibao tukishatoka mtaani kwao. Nikamwambia sheria hainiruhusu. Akashusha kile kikinga jua cha mbele mpaka mwisho, akaendesha barabara tatu akiwa amejikunja kama anayetafuta sarafu sakafuni, na mvua inanyesha. Laiti angeanza mapema asingekihitaji kibao kile, kwa sababu ndani ya miezi 12 unaweza kuwa na leseni ya mwanafunzi mkononi na bado ukaendesha mwenyewe kwa leseni ya nyumbani, bila kibao na bila msimamizi. Baada ya hapo unahitaji vyote viwili, na msimamizi awe amezidi umri wa miaka 21 na ameshika leseni kamili inayokubalika hapa kwa miaka 3. Mume mwenye leseni ya Tanzania pekee hawezi kumsimamia mkewe, hata kama ndiye aliyemfundisha.

Kwa hiyo mwaka wenyewe ni mfupi kuliko unavyoonekana. Foleni ya mtihani wa barabarani ni ya miezi, na huwezi hata kuingia kwenye foleni hiyo kabla ya kufaulu nadharia, na ukianguka huruhusiwi kurudia mpaka siku 10 za kazi zipite, mbali na foleni mpya. Anayeomba leseni ya mwanafunzi mwezi wa tisa tangu aje ameshachelewa. Ombeni mwezi wa kwanza, wakati bado mnafungua masanduku. Cheti cha nadharia kinadumu miaka 2, hakitaoza. Nafasi ya mtihani inanunuliwa kwenye tovuti ya serikali kwa bei niliyoitaja. Anayewauzia nafasi kwenye WhatsApp kwa mara tatu ya bei hiyo mwacheni na biashara yake. Na anayewaambia kwamba ana mtu wa kuwafanyia nadharia, au wa kuwaletea leseni ya nchi iliyomo kwenye orodha, anawapeleka jela. Watu wamefungwa kwa hilo katika nchi hii, na kwa mwenye viza kifungo huwa na mkia mrefu.

Mkishafaulu, bado kuna miaka miwili ya uangalizi: pointi 6 ndani ya muda huo zinatosha leseni kufutwa, na mtu anarudi kwenye kibao cha L na mitihani yote miwili.

Ndugu Mwenyekiti, naona harufu ya pilau imeshanishinda. Kabla hatujaketi, naomba kila mwenye leseni ya mwanafunzi, na kila anayetarajia kuiomba, atoke nami nje kwa dakika tano. Mtihani wa barabarani huanza kwa kusoma namba ya gari ukiwa umbali wa mita 20, na asiyeisoma harudi hata kukaa kwenye usukani. Nimepima mita hizo kutoka kwenye gari langu mpaka mlangoni, nikachora mstari wa chaki. Wenye miwani waje nayo. Tutaanza na wazee.